WAMAMA NA KAZI YA UMEME

Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya wakristu na wageni, siku ya jubilei ya parokia, Itebero



Katika programu ya siku hii tumeandikiwa kusema juu ya kazi ya wamama katika parokia. Tunajua neno ambalo wengi wanalingojea. Wanangojea tuwashukuru wamama waliopika chakula cha leo, wale wanaofagia kanisa kila siku ya posho, wale wanaoimba, na wale waliobeba mawe na muchanga juu ya kichwa wakati wa kujenga. Aksanti hiyo tunaitoa, tena kwa moyo wote. Lakini tukiishia pale tutakuwa tumewashukuru kwa kazi zilezile tunazozitaja kila sikukuu, na kesho yake tutawaachia ndoo na ufagio. Basi mutupe ruhusa tutumie wakati huu kwa kusema juu ya kazi moja ambayo hakuna mutu anayeihesabu kati ya kazi za wamama, ni kusema kazi ya umeme.

Sababu iko. Ulizo limeingia katika mashirika yetu, na sisi wakatekista ndio tunaolipokea wa kwanza. Wazazi wanauliza hivi: mutoto mwanamuke mwenye akili ya hesabu, yule anayefungua redio ya baba yake na kuifunga tena bila kubakiza kipande inje, anaweza kutumwa kujifunza umeme, ao tumupeleke kwa kushona kama wenzake? Mara nyingi jibu linatoka mbele hata ya ulizo kuisha: hiyo ni kazi ya wanaume. Sisi tunaona kwamba jibu hilo linatulipisha bei kubwa hapa kwetu, na bei hiyo ndiyo tunayotaka kuonyesha.

Tuanze na hali yetu wenyewe. Teritwari ya Walikale ina kilometa za mraba 23 475. Inashinda teritwari zote za Kivu ya Kaskazini kwa ukubwa, na peke yake inazidi sehemu ya tatu ya jimbo. Inchi yetu iko na Inga. Mutambo wa kwanza ulianza kutumika mwaka 1972, wa pili mwaka 1982, na waya kubwa zilivutwa toka kule mpaka Shaba, mwendo wa kilometa zaidi ya 1 700, zikipita juu ya vijiji ambavyo watu wake wanakula chakula cha magaribi kwa mwangaza wa kuni. Upande wetu wa mashariki, mutambo wa kwanza wa Ruzizi ulijengwa mwishoni mwa wakati wa Wabeligiji, na umeme wake ukafika Bukavu na Goma, haukupanda musitu. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kati ya Wakongomani watano ni karibu mumoja tu anayepata umeme. Na katika vijiji ni karibu mumoja kwa mia.

Kwa hiyo watu wetu hawangojei tena waya ya Inga. Wamejifunza kununua jua. Paneli zinafika juu ya pikipiki, zimefungwa katika magodoro, na siku ya kwanza jamaa yote inakaa chini ya ampuli mpaka katikati ya usiku kwa furaha. Kisha mwaka unapita. Tukitembea katika mashirika tunaona nyumba ngapi zenye paneli juu na giza chini? Paneli yenyewe haijafa. Paneli nzuri inaweza kudumu miaka 20 na zaidi. Kilichokufa ni batri, kwa sababu kila usiku imenyonywa mpaka tone la mwisho. Kati ya paneli na batri kunapashwa kuwa kisanduku kidogo kinacholinda batri isijazwe kupita kipimo wala isimalizwe kabisa. Wengine hawakukinunua ili kupunguza bei. Wengine walikinunua, kikaharibika, wakafunga waya moja kwa moja. Halafu wanasema kwamba jua la Walikale ni zaifu. Kweli, mvua yetu haina haya, lakini si mvua iliyoua batri ile. Imekufa kwa kukosa mutu wa kuichunga.

Na mwanaume aliyejua kuichunga, yuko wapi? Amekwenda. Hatusemi hivi kwa kumulaumu, maana jamaa inapashwa kula. Tangu watu walipoanza kuchimba kasiterite ya Bisie kwa mikono, kunako mwaka 2002, vijana wetu wanajua njia ya mashimo kuliko njia ya masomo. Na kampani Alphamin ilipoanza kuitoa kwa mashine mwaka 2019, njia hiyo haikupunguka watu. Mwingine anafuata zahabu, mwingine anaendesha pikipiki mpaka Bukavu. Kijana akipata ufundi kidogo, ndiyo siku anayofunga muzigo wake.

Hapa tunaomba muangalie jambo moja linalotushangaza kila mara tunapolifikiri. Kasiterite ni jiwe la bati. Si yale mabati ya nyumba, ambayo ni chuma iliyopakwa zinki. Ni bati yenyewe. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inatumiwa kwa kazi moja: inayeyushwa na kutiwa tone kwa tone ili kuunga waya na vipande vidogo vya umeme ndani ya redio, telefone na mashine za namna zote. Basi chini ya vilima vya Walikale kunatoka kitu kinachounga waya za dunia nzima, na hapahapa Walikale waya ya redio ikikatika tunaituma Bukavu.

Ulizo la nani anayebaki, watu wengine waliliuliza mbele yetu, na walifuata jibu lao mpaka mwisho. Katika inchi ya India, jimbo la Rajasthan, kijiji cha Tilonia, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 na bwana Bunker Roy. Kinaitwa Barefoot College, maana yake chuo cha wasio na viatu. Bwana huyo ameeleza mara nyingi sababu ya kuchagua wamama kwa kazi ya umeme wa jua: mwanaume akipewa cheti, anakishika mukononi na kukimbilia muji, mama mwenye watoto, na zaidi yule mwenye wajukuu, anarudi nyumbani na ujuzi wake. Kwa hiyo walikataa kutoa vyeti, na wakafungua mulango kwa wamama wa vijijini, hata wale wasiojua kusoma. Serikali ya India ikasaidia kulipa safari na mafunzo ya wamama kutoka inchi nyingi za Afrika. Wanakaa karibu nusu ya mwaka, kisha wanarudi kutia umeme wa jua katika vijiji vyao.

Kati yao walikuwa wamama wa Unguja na Pemba, wanaosema Kiswahili kama sisi, ingawa pengine wangecheka wakisikia Kingwana chetu. Mwaka 2015 chuo cha namna ileile kilifunguliwa kwao, pahali panapoitwa Kinyasini, kaskazini ya Unguja, na toka siku hiyo mama wa Zanzibar hakupashwa tena kuvuka bahari ya Hindi ili kujifunza. Wengi wao ni Waislamu, wamezaa, wamelima, wamevuna mwani. Hawakuingia kamwe katika shule ya ufundi. Kijiji chenyewe kinawachagua, na kijiji chenyewe kinapatana kulipa. Kila nyumba inayopata taa inatoa makuta kidogo kila mwezi, kama ilivyokuwa ikitoa zamani kwa petrole ya taa, na sehemu ya feza hiyo ni mushahara wa mama fundi.

Musifikiri kwamba Zanzibar ni inchi isiyojua umeme mukubwa. Inaupata kwa waya inayopita chini ya bahari kutoka Tanganyika. Lakini mwezi wa 12 wa mwaka 2009 waya hiyo iliharibika, na kisiwa cha Unguja kikakaa gizani karibu miezi mitatu, mpaka mwezi wa 3 wa 2010. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaosema kwamba siku waya ya Serikali itakapofika, mafundi wa kijiji hawatakuwa na kazi tena.

Namna gani mutu asiyejua kusoma anajifunza umeme? Ulizo hili ni zuri, na jibu lake linapendeza. Anajifunza kwa rangi. Vile vipande vidogo vinavyopunguza nguvu ya umeme vimezungushiwa pete za rangi, na kila rangi ni hesabu: nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, rangi ya machungwa ni 3, manjano ni 4, na kuendelea vilevile mpaka nyeupe ambayo ni 9. Si sisi waafrika tuliotunga lugha hiyo, wala hawakuitunga kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mainjinia wa dunia yote wanaitumia. Katika waya za paneli, nyekundu ni upande wa kuongeza na nyeusi ni upande wa kupunguza. Katika waya za nyumba, kijani na manjano pamoja ni ile inayokwenda udongoni kwa kulinda watu. Mama anayesuka mukeka wa rangi tatu bila kuandika kitu, akijua kichwani mustari wa arobaini utaangukia rangi gani, amekwisha kujifunza nusu ya alfabeti hiyo.

Tunasikia watu wakisema juu ya nguvu. Kazi ya umeme, wanasema, inataka mukono wa mwanaume. Wababa wapendwa, mutuvumilie. Njiani mulipokuja leo mulikutana na mama anayerudi shambani, kamba juu ya paji la uso, mugongoni mihogo na kuni, na juu ya kuni mutoto. Hakuna mumoja wetu aliyesimama kumuambia kwamba muzigo ule unazidi nguvu za mwanamuke. Tornevisi haina uzito wa yai. Kupandisha nguzo kubwa ni kazi nzito, hatukatai, lakini hakuna mwanaume mumoja anayeipandisha peke yake. Inapandishwa na watu kumi wakiimba. Kile ambacho umeme unakitaka kwanza ni uangalifu: kukata umeme mbele ya kugusa, kupima mbele ya kuamini, kukausha mikono, kutofanya haraka. Umeme hauulizi kama wewe ni mume ao muke. Unaua mwenye haraka.

Na nguo? Tunajua kwamba wengine wanawaza juu ya nguo ingawa hawasemi. Wazee wanakumbuka namna suruali ya mwanamuke ilivyokatazwa wakati wa otantisite. Lakini mutu anayepanda ngazi kwenye waya amevaa kitambaa kinachopepea, huyo haonyeshi adabu, anatafuta ajali. Wamasera walioko hapa wanajua kufunga nguo zao vizuri wanapopanda pikipiki. Watawafundisha watoto wetu.

Sasa tuseme juu ya asili ya jambo hili, maana wengi wanafikiri kwamba limewekwa toka kuumbwa kwa dunia. Wakati wa Wabeligiji, shule za watoto wanaume zilifundisha ukarani, useremala na ufundi wa chuma. Shule za watoto wanawake zilifundisha kushona, kupika na kulea. Mwanamuke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikubwa, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, uhuru ukiwa na miaka minne. Miaka miwili nyuma yake alikuwa waziri. Hii inaonyesha kwamba kukosekana kwa mafundi wanawake hakukutoka kwa Mwumba. Kulitoka kwa programu ya masomo, ile iliyoandikwa na mukuu wa shule na kubandikwa ukutani.

Hata sheria ilikuwa na mukono wake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilitaka muke aliyeolewa apate kwanza ruhusa ya mume wake kwa mapatano yote yanayomufunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Ni kusema, mama aliyejua umeme hakuweza kuandikisha kazi yake bila bwana yake kukubali. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iligeuza kifungu hicho: sasa bibi na bwana wanapashwa kupatana, na kupatana huko kunawafunga wote wawili. Tunawaomba wakubwa wa mashirika wawaeleze watu jambo hili wanapotengeneza magomvi ya nyumbani, maana wababa wengi wangali wanatembea na sheria ya mwaka 1987 mufukoni.

Pengine mumepata kuona vyombo vinavyotoka Uganda kwa njia ya Bunagana ao Kasindi, pasi na redio, zenye waya inayoishia na meno matatu makubwa ya mraba. Yanatusumbua, kwa sababu prizi za kwetu, zilizofuata namna ya Wabeligiji, zinataka meno mawili ya duara. Basi meno matatu yale yana historia. Wakati wa vita kubwa ya pili, Uingereza iliita watu 20 kufikiri namna umeme utakavyotiwa katika nyumba mupya nyuma ya vita. Kati ya watu 20, mwanamuke alikuwa mumoja, Bibi Caroline Haslett. Alikuwa mukubwa wa chama cha wanawake wa umeme kilichoanza mwaka 1924. Kikundi hicho kilisisitiza juu ya usalama wa watoto wadogo, na toka kazi yao kikatokea mwaka 1947 kipimo cha prizi ile: matundu yake yanafungwa na vifuniko vya ndani, na vinafunguka tu wakati jino refu la udongo linapoingia la kwanza. Mutoto akiingiza musumari katika tundu la chini, haupiti. Leo Kenya, Uganda na Tanzania zinaitumia. Hatutaki kusema kwamba wanaume 19 hawakuwa na watoto nyumbani kwao. Tunasema tu kwamba ni vizuri, penye watu wanaokata shauri juu ya umeme wa nyumba, pawepo hata mutu mumoja anayeshinda muchana kutwa na mutoto chini.

Na kwetu Kongo? Kuna Bibi Sandrine Mubenga, aliyezaliwa Kinshasa. Alipokuwa musichana wa miaka 17, kule Kikwit, alishikwa na ugonjwa wa apandisiti. Munganga alikuwako, visu vilikuwako, ila umeme hapana. Na siku tatu wazazi wake walihangaika kutafuta mafuta ya mashine ili aweze kupasuliwa. Alipona. Alikwenda Marekani, akasoma umeme katika chuo kikubwa cha Toledo mpaka udaktari, mwaka 2017, akawa mwalimu palepale. Mwaka 2020 Serikali ya Kongo ilimuita kuongoza ofisi mupya inayoitwa ARE, iliyowekwa na sheria ya umeme ya mwaka 2014 kwa kuchunga bei na haki katika biashara hiyo. Tena kuna Bibi Thérèse Izay Kirongozi, injinia aliyesoma ISTA ya Kinshasa, aliyesimamisha mwaka 2013 zile roboti zinazoongoza magari katika njia za muji mukubwa, zikipata nguvu zao kwa jua.

Wamama wa Itebero wakisikia habari ya Kikwit hawashangai. Wanajua maternite inayotumika usiku kwa taa ya telefone, na telefone yenyewe inakaribia kuzimika. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba tunazungumza juu ya mambo ya maendeleo tu, yale ya kupendeza wageni. Waya moja iliyofungwa vizuri ni mama mumoja anayezaa katika mwangaza, na mukunga anayeona damu mbele haijawa nyingi.

Lakini hapa tunapashwa kulinda maneno yetu yasigeuke kamba. Tumesema: tumufundishe mwanamuke kwa sababu yeye anabaki. Mutu anaweza kuchukua neno hilo na kumufungia mutoto wake mulango, akimuambia, wewe umefundishwa ili ubaki. Sivyo. Bibi Mubenga alikwenda mbali, na kama asingekwenda hatungemujua. Tunasema tu kwamba kati ya watu kumi tunaoweza kufundisha, tuanze na wale ambao maisha yao yamekwisha kupanda mizizi hapa, mama mwenye shamba na watoto, mujane, bibi anayelea wajukuu. Musichana mwenye akili kali ya masomo, huyo aende pahali akili inapomupeleka, na akirudi tutamupokea kwa ngoma.

Wababa wengine wanaogopa jambo lingine, kwamba muke akijua kazi hatatii tena. Kuna filamu ya mwaka 2012 juu ya wamama wa Tilonia, inayomuonyesha mama mumoja wa Yordani, katika jangwa. Mume wake alikuwa hana kazi, lakini yeye alipokuwa katikati ya mafunzo kule India, mume alimutishia kuachana naye na kumunyanganya watoto. Mama alirudi nyumbani, akaomba, akabishana, kisha akapanda tena ndege na kumaliza mafunzo. Wababa, tunawauliza kwa heshima yote: katika habari hiyo, nani aliyebomoa nyumba? Na tena, wakati kazi ya muke inaponunua chumvi, sabuni na feza za masomo, ni nani katika nyumba anayezikataa?

Kuna hofu nyingine ambayo sisi wenyewe tunaihesabu kuwa ya haki kabisa. Mutoto mwanamuke anayetumwa peke yake mujini anaweza kukutana na watu wabaya: mwenye nyumba, mukubwa wa kazi, hata mwalimu anayeuza alama kwa bei ya aibu. Wazazi wanaokataa kwa sababu hiyo hawakosi akili. Na tangu vita vya mwanzo wa mwaka 2025, Goma kutekwa, kisha Bukavu, na vita kufika hata Walikale-kati mwezi wa 3, njia ya mujini si njia ya kumutuma mutoto bila kufikiri. Tunasikitika, maana Goma kuna ITIG ya Wapadri Wasalesiani, shule inayojulikana miaka mingi kwa ufundi. Kwa sasa tunaona vizuri zaidi kumuleta mwalimu hapa kuliko kutuma watoto kule: mufundi mumoja anayeaminika, mwenye muke wake, kwa miezi mitatu ya kwanza, akae karibu na misioni, na masomo yafanywe mulango wazi. Na wanafunzi wasiwe mumoja. Angalau wawili kwa kila shirika. Mumoja anazomewa mpaka anaacha. Wawili wanacheka pamoja na kuendelea.

Juu ya malipo tutasema kwa kifupi, lakini musilisahau. Mwanaume akitengeneza redio anaombwa bei, na inalipwa. Mama akiitengeneza anaambiwa aksanti mama, Mungu akubariki. Baraka ni neno kubwa, lakini haiuzwi sokoni kwa tornevisi mupya. Wamama wa Zanzibar wanaendelea kwa sababu nyumba zinalipa kila mwezi. Pahali nyumba zinapochoka kulipa, taa zinazimika moja moja na mama anarudi kwa jembe lake. Wamama wetu wanajua likelemba kushinda benki zote. Shirika linaloweza kuendesha likelemba ya sahani na sufuria linaweza kuendesha ile ya batri.

Basi, mbele ya kuwaacha muende kwa chakula, hiki ndicho tunachoomba. Kila shirika likae nyuma ya sikukuu na kuchagua wamama ao wasichana wawili, wenyewe wakikubali, na bwana ao wazazi wakikubali mbele ya watu wawili. Baraza la parokia limekubali kwamba paneli za kanisa na za nyumba ya wageni, ambazo hazitoi mwangaza sasa, ziwe kitabu chao cha kwanza: wazifungue, wapime, watafute ugonjwa. Vyombo vya kuanzia ni vichache: tornevisi mbili, pensi moja yenye mikono ya mupira, chuma cha kuyeyushia bati, na chombo cha kupima umeme. Hicho cha mwisho ndicho gali. Shirika moja peke yake haliliwezi, lakini matatu pamoja yanaweza, na Bwana Shefu ametuambia asubuhi hii kwamba yeye atatoa kitu. Wageni wetu wanaotoka Kisangani watuambie bei ya kule, maana ya Bukavu tunaijua na inatuogopesha.

Karani wa parokia yuko pale karibu na mulango wa sakristia na daftari. Majina yanaandikwa mpaka Dominika ya tatu. Mpaka sasa kuna majina manne, na moja kati yao ni la bibi mwenye wajukuu sita, aliyeuliza kama miwani inaruhusiwa. Tulimujibu kwamba inaruhusiwa.